Sumaku kwenye unga: chembe zipi za kuogopa, zipi za kupuuza

Video yenyewe unaijua. Mtu anamwaga unga kwenye sahani, anachukua sumaku iliyong'olewa kwenye spika mbovu, anaivika mfuko wa nailoni, anaipitisha kwenye unga mara mbili tatu kisha anaigeuza. Kwenye nailoni kumeganda vumbi jeusi lililosimama kama manyoya. "Haya ndiyo tunayokula!" anasema, sauti ikipanda. Chini yake maoni yanamiminika: viwanda vinatumaliza, rudini kwenye kinu na mchi. Baada ya saa moja anatokea mjuaji mwingine, naye ana uhakika uleule, anajibu kwamba hayo ni madini ya chuma yaliyoongezwa kwa sheria ili watu wasipungukiwe damu, tulieni mle ugali.

Wote wawili wanaweza kuwa wamekosea. Sumaku hujibu swali moja tu: kuna chuma hapa au hakuna? Kimetokea wapi, ni kiasi gani, na kitamfanya nini mlaji, hayo haijui. Mimi nimetumiwa video hiyo na ndugu zangu mara nyingi kuliko salamu za sikukuu, na kila mara jibu langu halitoshi kwenye ujumbe wa sauti. Basi nimeona niliandike.

Tuanze na maneno. Chembe ninayoisema hapa ni kipande kidogo kigumu kilichomo ndani ya chakula au dawa bila kuyeyuka. Nitabaki kwenye chembe zisizotokana na viumbe hai: mchanga, changarawe, vipande vya kioo, vinyolewa vya chuma, kutu, rangi za madini, risasi (ile metali nzito iitwayo lead kwa Kiingereza). Sumukuvu ya mahindi ni habari nyingine, tena kubwa. Vijidudu na nywele vivyo hivyo. Plastiki nayo naiacha, maana kwa mwanakemia plastiki ni mtoto wa mafuta ya petroli, na ule mjadala wa mchele wa plastiki umeshakula muda wetu wa kutosha.

Halafu kuna tofauti ambayo watu huiruka: chembe iliyowekwa na chembe iliyoingia. Chumvi ya mezani ni madini, na tunailia kwa makusudi. Pakiti ya ORS anayopewa mtoto anayeharisha ni chumvi za aina tatu pamoja na sukari ya glukosi. Vidonge vya "magnesium" ambavyo kila nyumba ya mtu mwenye kiungulia inavyo ni madini yaliyosagwa na kushindiliwa. Kwa hiyo anayekuambia "kina madini ndani" bado hajakuambia kitu. Uchafu ni kile ambacho hakuna aliyekikusudia, au kilichowekwa kwa kificho.

Ukishajua kwamba chembe ipo, yapo maswali matatu yanayoamua kama uogope. Inayeyuka mwilini? Ina ukubwa na umbo gani? Na imepita mlango upi, mdomoni au kwenye mshipa?

Swali la kwanza ndilo linalopuuzwa kuliko yote, na mfano wake mzuri uko hospitalini. Mgonjwa anayepigwa picha ya eksirei ya koo au tumbo hunyweshwa kikombe kizima cha uji mweupe wenye bariamu. Bariamu ni sumu. Kampaundi yake nyingine, bariamu kaboneti, iliwahi kutumika kuua panya. Ile ya hospitalini ni bariamu salfeti, ambayo haiyeyuki, si kwenye maji wala kwenye asidi ya tumbo. Inaingia kama unga wa jiwe, inaonekana vizuri kwenye picha, inatoka chooni kama ilivyoingia. Elementi ni ileile. Moja inamezwa kwa kikombe, nyingine inaua kwa kiasi kidogo, kwa sababu ya kwanza haiyeyuki tumboni na ya pili inayeyuka. Jiwe lisiloyeyuka, ukilimeza, ni kama halijaingia mwilini kabisa: limepita kwenye bomba.

Turudi mashineni sasa.

Mashine nyingi za kusaga mtaani ni za nyundo. Ukimwomba mwenye mashine akufungulie ikiwa imezimwa, utaona vipande bapa vya chuma vimening'inia kwenye mhimili. Mashine ikiwaka, vipande hivyo huzunguka maelfu ya mara kwa dakika, huipiga nafaka mpaka ipasuke na kupenya kwenye matundu ya chekeche. Nyundo mpya ina pembe kali. Iliyofanya kazi msimu mzima ina pembe za mviringo kama kipande cha sabuni kilichotumika. Ukizipima kwenye mizani, ya zamani ni nyepesi. Sasa jiulize huo uzito uliopungua umekwenda wapi. Kidogo kimebaki sakafuni, kingine kimeondoka ndani ya ndoo za wateja.

Tena chembe moja huita nyingine. Mahindi yaliyoanikwa chini badala ya kwenye turubai huja na mchanga, na mchanga ukiingia mashineni unaisaga nyundo yenyewe. Mteja aliyeleta mahindi machafu anaondoka na mchanga wake pamoja na chuma, na anayemfuata kwenye foleni naye anapata sehemu yake. Wapo mafundi wanaojazia nyundo iliyoliwa kwa kuchomelea na kuinoa kwa grainda. Baada ya matengenezo kama hayo, kilo za kwanza zinazotoka hazifai kuwa chakula cha mtu. Mwenye mashine mstaarabu husaga pumba kwanza, akazimwaga. Asiye mstaarabu humsagia mteja wa kwanza wa asubuhi.

Je, vinyolewa hivyo vinadhuru? Vile vidogo kabisa, vya ukubwa wa vumbi, vingi hutoka na choo, vichache huyeyuka kwenye asidi ya tumbo na kuwa madini ya chuma ya kawaida. Vikubwa na vyenye ncha ni habari nyingine: vinaweza kuchana fizi, koo au utumbo. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, huhesabu kitu kigumu au chenye ncha chenye urefu wa milimita 7 hadi 25 kuwa hatari inayotosha kuzuia chakula kisiuzwe, na kwa vilivyo chini ya milimita 7 inawataja watoto wachanga, wazee na watu waliofanyiwa upasuaji kuwa ndio wa kuangaliwa zaidi. Mimi ningeongeza jambo moja la kwetu: nyundo iliyokatwa kutoka chuma chakavu hujui imechanganywa na nini. Chuma safi ni jambo dogo. Nikeli, kromiamu na risasi si jambo dogo.

Yule mjuaji wa pili je, aliyesema ni virutubishi? Hapa inabidi twende polepole kidogo. Ni kweli kwamba unga wa viwandani unatakiwa kuongezwa madini ya chuma. Kenya imelazimisha hivyo kwa unga wa ngano na wa mahindi unaofungashwa tangu 2012, na Tanzania ina kanuni zake kwa viwanda vikubwa. Lakini chuma cha kuongeza kwenye chakula kiko cha namna mbili. Cha kwanza ni chuma chenyewe kilichosagwa mpaka kikawa poda laini kuliko vumbi, ambacho hutumika sana kwenye nafaka za kifungua kinywa za boksi. Wanafunzi wa nchi nyingi hulifanya hilo kuwa jaribio la darasani: wanaponda cornflakes, wanaziloweka kwenye maji, wanapitisha sumaku, na vumbi la kijivu linatoka. Hakuna njama hapo, na kwenye boksi imeandikwa. Cha pili ni chuma kilichofungwa ndani ya kampaundi, kama ile iitwayo NaFeEDTA inayotumika kwenye unga wa mahindi Afrika Mashariki. Hicho hakirukii sumaku ya spika. Ni kama kutu ya kwenye maji ya kisima: chuma kimo, sumaku haina habari nacho.

Kiasi nacho kinasema kitu. Chuma kinachoongezwa kwenye kilo nzima ya unga ni miligramu makumi machache. Kidonge kimoja cha paracetamol kina miligramu 500 za dawa. Yaani hata kama kirutubishi kingekuwa cha aina inayovutwa na sumaku, kwenye kilo nzima ungepata kitu kisichofika sehemu ya kumi ya kidonge. Mtu akikuonyesha sumaku iliyovaa ndevu baada ya kupita kwenye sahani moja ya unga, hayo si madini ya kuongeza damu. Na kama unga wenyewe umetoka mashine ya mtaani, ambazo nyingi haziongezi kirutubishi chochote (zipo chache zilizofungiwa kifaa cha kukidondoshea), basi jibu liko kwenye nyundo.

Kwa hiyo mwenye video anaweza kuwa na haki ya kulalamika huku akikosea mshitakiwa. Kiwanda kikubwa kwa kawaida kina sumaku nene ndani ya mabomba unamopita unga, na mwisho wa mstari kuna kifaa cha kugundua chuma kinachotupa nje mfuko wenye kasoro. Sumaku ni kifaa cha kazi kwa msagaji yeyote. Ile ya kwenye video ingefaa zaidi ingefungwa kwenye mdomo wa mashine.

Mahali ambapo chuma kimeumiza watu wengi kweli, sumaku isingeonyesha kitu. Kusini mwa Afrika, watu waliozoea pombe ya kienyeji iliyochachushwa kwenye vyombo vya chuma walipatwa na ugonjwa wa chuma kujaa ini, ambao madaktari wameueleza tangu 1929. Pombe ina asidi, asidi inakila chombo, chuma kinayeyuka na kuwa sehemu ya kinywaji. Mtu akinywa lita kadhaa karibu kila siku kwa miaka, na hasa akiwa na mwili unaorithi kushika chuma kupita kiasi, ini linaharibika. Hakuna chembe iliyoonekana, hakuna jino lililovunjika.

Mchanga ni kinyume chake. Unaonekana, unasikika, unakera, ila sumu yake tumboni ni ndogo kwa sababu hauyeyuki. Anayeumia ni jino. Wataalamu wa miamba wana kipimo cha ugumu kutoka 1 hadi 10. Tabaka la juu la jino liko karibu na 5, mchanga wa kwatzi uko kwenye 7. Hata meno ya maiti za Misri ya kale zilizokaushwa yamekutwa yamesagika, na mchanga wa kwenye mkate ni miongoni mwa sababu zinazotajwa. Nami nina ncha ya gego iliyobaki kwenye wali wa shughuli moja, hivyo siwezi kujifanya sina upande katika suala hili. Bibi zetu walikuwa na ungo na subira, na kupepeta ni sayansi kamili: chembe nzito huanguka kando na nyepesi. Maabara nayo ina njia yake. Unachomwa unga mpaka ubaki majivu, majivu yanatiwa asidi ya haidrokloriki, chumvi zote za kawaida zinayeyuka, na kinachobaki chini ya chombo ndicho mchanga. Kinapimwa, kinalinganishwa na kiwango, mfuko unapita au unakataliwa.

Ungo hauisaidii manjano ya Bangladesh. Huko, wasagaji wa viungo walizoea kuongeza rangi ya kupaka vitu, risasi kromati, ili bizari iwe na njano ya kung'aa. Mtindo huo unatajwa kuanza miaka ya 1980, mafuriko yalipoacha mizizi ya manjano imelowa na kufifia, nayo isiyong'aa haiuziki. Watafiti walitoa matokeo 2019, serikali ikaingia sokoni na vipimo, ikatoza faini, na sampuli za sokoni zenye rangi hiyo zikashuka kutoka asilimia 47 mwaka 2019 hadi sifuri 2021. Marekani nayo ilikumbwa 2023: mamia ya watoto walikutwa na risasi kwenye damu baada ya kula rojo la tufaa la pakiti lililotiwa mdalasini wenye risasi. Watoto wenyewe walilipenda rojo hilo.

Risasi haina ladha mbaya, haikwaruzi ulimi, haivutwi na sumaku, na chembe zake ni laini kama kiungo chenyewe. Inayeyuka tumboni kiasi cha kutosha kuingia kwenye damu, na mwili wa mtoto huishika kama kalsiamu na kuihifadhi kwenye mifupa. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama. Na hapo hapo, kwa kuwa tunazungumzia vitu vya kula kwa hiari, upo udongo wa wajawazito, ule wa pemba Tanzania, odowa Kenya. Wengi huutetea kwamba una madini. Ni kweli unayo, ikiwemo risasi na aseniki ambazo vipimo vya udongo wa kula vimezikuta mara kwa mara. Udongo una tabia ya kushika chochote kilichopita juu yake.

Sasa vidonge. "Hizi dawa ni chaki tupu" ni sentensi ya kwenye daladala. Jibu fupi ni kwamba, naam, ndani ya kidonge mna vitu vya jamii ya chaki, na ndivyo inavyopaswa. Chukua dawa ya presha ya amlodipini, miligramu 5. Miligramu 5 za unga ni kama punje chache za sukari, huwezi kuzishika kwa vidole, huwezi kuzigawa kwa usawa. Kwa hiyo huchanganywa na kijazo: wanga, selulosi, kalsiamu fosfeti. Huongezwa silika kidogo ili unga utiririke bila kuganda kwenye mashine, halafu ulanga au magnesiamu stearati ili kidonge kisinate kwenye kibano. Dawa bandia haiwi bandia kwa kuwa na kijazo. Ubaya wake ni kukosa dawa, au kuwa na isiyotosha. Huwezi kuionja ukajua, wala kuiloweka kwenye siki ukajua.

Weupe wa kidonge, ule wa kama rangi ya ukuta, mara nyingi ni wa titani dioksidi, ambayo kweli ndiyo inayotia weupe kwenye rangi za ukuta. Kazi yake kwenye kidonge ni kukinga dawa na mwanga na kukipa sura moja. Hii ndiyo chembe iliyozua ubishi wa kweli miaka ya karibuni, tofauti na ubishi wa WhatsApp. Ufaransa iliizuia kwenye chakula 2020. Mwaka 2021 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya, EFSA, ilisema haiwezi tena kuihesabu kuwa salama, kwa sababu sehemu yake ni chembe ndogo mno zinazoweza kupenya, na haikuweza kuondoa shaka kwamba zinagusa vinasaba. Mwaka 2022 Umoja wa Ulaya wote ukaitoa kwenye chakula, lakini ukaiacha kwenye dawa kwa kuwa kubadilisha maelfu ya dawa kwa mpigo kungeleta uhaba. Marekani bado inairuhusu mpaka asilimia 1 ya uzito wa chakula. Kamati ya wataalamu ya FAO, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, na WHO, lile Shirika la Afya Duniani, ikaipitia tena 2023 ikaona haina haja ya kuiwekea kikomo.

Watu huona hapo mkanganyiko, kwamba wazungu wenyewe hawakubaliani. Ukisoma vizuri, Ulaya haikusema "tumethibitisha ni sumu". Ilisema "hatujathibitisha ni salama, na pipi haihitaji weupe kiasi hicho." Mtu anaweza kuwa na ushahidi uleule mkononi akaamua tofauti kutegemea anaona ni nani abebe mzigo wa kuthibitisha. Mimi kwenye pipi niko na Ulaya. Kwenye kidonge cha presha, nakimeza bila kuwaza mara mbili.

Mpaka hapa kila kitu kimepita mdomoni, na mdomo una ulinzi wake: meno, mate, asidi, utumbo wenye ukuta, na mlango wa kutokea. Sindano ya mshipani inaruka ulinzi wote huo. Chembe iliyoingia kwenye mshipa wa mkono inapelekwa upande wa kulia wa moyo, na kutoka hapo inasukumwa kwenye mapafu, ambako mishipa hugawanyika mpaka kufikia vishipa vinavyopitisha seli nyekundu moja moja. Seli nyekundu ina upana wa mikroni 7 au 8, na mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita. Unywele ni kama mikroni 70. Mapafu, kwa lugha ya jikoni, ni chujio la chai la mwili. Kinachozidi tundu kinabaki pale, na kisichoyeyuka kinabaki kwa muda mrefu.

Ndiyo maana mchanga kidogo kwenye mchicha ni kero, lakini mchanga uleule kwenye dripu ni dharura.

Hata hivyo "safi" ya dripu si sifuri. Kwa kiwango cha vitabu vya dawa vya Marekani, maji ya dripu ya zaidi ya mililita 100 yanaruhusiwa chembe zisizozidi 25 za mikroni 10 au zaidi kwa kila mililita, na kati yake zisizidi 3 zenye mikroni 25 au zaidi. Piga hesabu ya mfuko wa mililita 500: unaruhusiwa mpaka chembe 12,500 za mikroni 10 na kuendelea. Idadi inatisha ukiisoma mara ya kwanza. Lakini hizo ni chembe ambazo jicho haliwezi kuziona kwa sababu huanza kuona kwenye mikroni 50 hadi 100, na mwili unazimudu kwa idadi hiyo. Inayoonekana kwa jicho haitakiwi kuwepo kabisa.

Zinatoka wapi? Nyingine ni za kioo. Dawa zenye alkali, zikikaa muda mrefu kwenye kichupa, zinaweza kubandua ukuta wa ndani wa kioo ukatoka magamba membamba yanayometa ukikitikisa. Nyingine huzaliwa pale pale wodini: nesi akivunja shingo ya ampuli, vipande visivyoonekana huangukia ndani, na ndiyo sababu zipo sindano maalumu zenye chujio. Na zipo ambazo hazikuwepo popote mpaka dawa mbili zilipokutana. Seftriaksoni, ile sindano ya unga inayochomwa karibu kila hospitali, ikikutana na maji yenye kalsiamu kama Ringer's lactate hutengeneza fuwele. Watoto wachanga walikufa, fuwele zikakutwa kwenye mapafu na figo zao, na tahadhari ikatolewa duniani 2007: visichanganywe, na mtoto wa siku 28 au chini asipewe seftriaksoni akiwa anapata kalsiamu kwa mshipa. Dawa zote mbili zilikuwa safi kiwandani.

Kisa kilichosikika zaidi ni cha Japani, Agosti 2021. Kwenye vituo kadhaa vya chanjo wafamasia waliona vitu ndani ya vichupa vya chanjo ya UVIKO-19 ya Moderna ambavyo havijafunguliwa. Dozi kama milioni 1.63 zikasimamishwa. Uchunguzi ulionyesha ni vipande vya chuma cha pua cha daraja 316, na vilitokana na mashine ya kuweka vifuniko kwenye kiwanda kimoja nchini Hispania: vyuma viwili vilifungwa vibaya, vikawa vinasuguana. Yaani ni hadithi ya nyundo ileile ya mashine ya kusaga, ila hapa kila kitu kina namba ya toleo, na makundi matatu yaliyohusika yakakusanywa na kurudishwa. Kampuni ilieleza kuwa chuma cha namna hiyo hutumika kwenye vali za moyo na viungo bandia, na kwamba chembe hizo, zikichomwa kwenye msuli, hazitarajiwi kuleta zaidi ya athari ya pale pale.

Wale wa sumaku walifurahi sana. Walikuwa wameshaonyesha sarafu na sumaku zikiganda mkononi pa waliochanjwa, sasa wakapata "ushahidi". Lakini ule mkasa wa Japani ulikuwa kasoro kwenye makundi matatu ya toleo tu, na chuma hicho cha 316 kwa kawaida hakivutwi na sumaku, au huvutwa kidogo mno. Tena ndani ya mwili wa mtu mzima, aliyechanjwa na asiyechanjwa, tayari mna gramu 3 hadi 4 za chuma, nyingi zikiwa kwenye damu, na hakuna sumaku ya friji iliyowahi kumganda mtu kifuani kwa sababu ya chuma hicho. Kinachoshika sarafu mkononi ni jasho na mafuta ya ngozi. Paka poda halafu ujaribu tena.

Ukikuta chembe kwenye unga au bizari ya pakiti, usiitupe. Ifunge kwenye karatasi, tunza mfuko wenye namba ya toleo na tarehe, ipeleke kwenye shirika la viwango: TBS kama uko Tanzania, KEBS kama uko Kenya. Kwa dawa ni TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, Tanzania na Bodi ya Famasia na Sumu Kenya. Unga ulioingizwa kwenye kopo la nyumbani na mfuko kutupwa hauna ushahidi tena, hata video iwe nzuri namna gani. Kwa mashine ya mtaani, muulize mwenyewe nyundo zilibadilishwa lini, na kama mdomo wa mashine una sumaku. Wakiuliza wateja watano wiki moja, sumaku itanunuliwa.

Na siku ukiwa umekaa na mgonjwa wako wodini, mwangalie nesi au mfamasia makini anavyofanya kabla ya kuchoma. Anakiinua kichupa kwenye mwanga, anakigeuza taratibu bila kukitikisa mapovu yakaja. Wakaguzi wa viwandani hufanya hivyo hivyo kwa vibao viwili, sekunde tano mbele ya cheupe, sekunde tano mbele ya cheusi, kwa sababu kipande cha chuma hujitokeza kwenye kibao cheupe, na gamba la kioo halionekani mpaka nyuma yake pawe peusi.